Tushauri au Tuitikie Amina?

Wiki hii tumebatiza, tumeozesha na tumempokea mgeni kutoka jimboni, lakini kilichonigandia masikioni ni sauti ya mama mhazini wetu kwenye kikao cha baraza la wazee. Ameshika karatasi ya ukarabati tuliyogawiwa dakika ileile, anauliza kwa upole: "Mchungaji, mmetuita tushauri au tuitikie amina?" Akajibiwa: "Mama, fundi ameshalipwa. Tuendelee na ajenda."

Tukaendelea.

Hakukuwa na ukali wowote katika jibu lile, na ndiyo maana linauma zaidi. Fedha zimeshatoka, sasa ushauri utabadilisha nini? Katika Biblia, mfalme Rehoboamu naye aliwauliza wazee waliomtumikia Sulemani baba yake, tena alikuwa na siku 3 nzima za kufikiri. Akaliacha shauri lao, akawaendea vijana aliokua nao, akapata jibu alilolitaka. Makabila 10 yakamwacha.

Baraza likitaka ushauri wa kweli, karatasi ziwafikie wajumbe siku 7 kabla, zikiwa na gharama na njia zaidi ya moja. Anayeletewa pendekezo moja tu hana cha kuchagua. Kikaoni, mwenyekiti aseme mwisho. Akitangulia yeye, wengine wote watapima upepo kwanza. Matendo ya Mitume 15 inaonyesha hivyo: hoja nyingi zikatolewa, Petro akasimama, Barnaba na Paulo wakasikilizwa, kisha ndipo Yakobo akatoa neno lake. Benedikto naye, katika Kanuni aliyowaandikia watawa wake karne ya 6, aliagiza jumuiya yote iitwe panapokuwa na jambo zito, kwa kuwa mara nyingi Bwana humfunulia aliye mdogo lililo bora. Mwenyekiti awaulize mmoja mmoja kwa majina, asihesabu ukimya kuwa kura. Aliyepinga aandikwe kwenye muhtasari pamoja na sababu yake, na muhtasari usomwe kabla watu hawajatawanyika.

"Fundi ameshalipwa." Nani aliidhinisha? Sijasikia aliyeuliza hilo, nami naona kidonda kipo hapo. Tunagawa kazi, mamlaka tunabaki nayo. Shemasi anaambiwa asimamie wagonjwa, lakini hata nauli ya kwenda kumwona mmoja lazima aiombe ofisini. Akizungushwa mara kadhaa, huacha, nasi tunasema hana wito. Kila jukumu liwe na jina la mtu, tarehe ya kutoa taarifa na kiwango cha fedha anachoweza kuidhinisha bila kurudi kuuliza. Kinachozidi hapo kipelekwe barazani. Pasipo jina napo huharibika, maana kila mmoja hudhani mwenzake ameshughulikia.

Leo nimeirudia sura ya 18 ya kitabu cha Kutoka na moyo umepata nafuu, kusema kweli nimefurahi. Yethro alikuwa mgeni pale kambini, kuhani wa Midiani, akamwona Musa akiamua mashauri ya watu tangu asubuhi hata jioni, akamwambia wazi kwamba hafanyi vema, atajichosha yeye na watu wake. Wawekwe wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi, wamchao Mungu na wanaochukia rushwa. Madogo wayamalize wenyewe, magumu tu yamfikie Musa. Na Musa, aliyesema na Mungu mlimani, akamsikiliza mkwewe, akafanya yote. Kama yeye aliweza, mchungaji wetu ataweza, maana ni mtu msikivu akipewa nafasi ya kutafakari. Mama mhazini amenipigia jioni: ataomba suala la idhini ya matumizi liwekwe kwenye ajenda ijayo, la kwanza kabisa, wala si chini ya mengineyo. Nitamuunga mkono.