Nilivyoikamata dhahabu ya unga bila zebaki

Kabla ya kubadilisha chochote kwenye mwalo, yaani mahali pa kuoshea dhahabu, nilipima marudio, ule mchanga unaotoka ukishaoshwa. Mwishoni mwa ubao wa kuoshea, uliotandikwa zulia la kukamatia dhahabu, nilikinga kikombe kimoja cha chai kila baada ya dakika 10, nikakusanya mpaka ikafika kilo 5, nikaichanganya vizuri na kuigawa mafungu mawili. Fungu la kwanza nililiosha kwenye karai kama lilivyo. La pili nililitwanga upya kwenye kinu cha chuma mpaka likalainika kabisa, ndipo nikaliosha. Chembe zikionekana kwenye fungu la kwanza, ubao unapitisha dhahabu ambayo tayari imeachana na jiwe. Zikionekana kwenye la pili tu, karasha, mashine ya kusagia mawe, haijasaga vya kutosha. Kwangu zilionekana kote kuwili, na la pili lililizidi la kwanza kidogo tu. Kwa hiyo nilianza na ubao.

Huku Lwamgasa, mkoani Geita, mawe husagwa kwenye karasha yakatoka unga mkavu, na dhahabu nyingi iliyomo ni ndogo kuliko chumvi ya mezani. Chembe yenye milimita 0.1 kila upande ina uzito wa miligramu 0.02 hivi. Ili upate pointi moja, yaani gramu 0.1, unahitaji chembe zaidi ya 5,000 za namna hiyo, na vyuma vya karasha vinazigonga zinakuwa bapa kama magamba. Gamba huyumba ndani ya maji, haliendi chini moja kwa moja.

Tunajiamini kupita kiasi kwa sababu dhahabu ni nzito. Ni kweli, uzito wake ni mara 19.3 ya maji, na ule mchanga mweupe wa kwatzi ni mara 2.65 tu. Lakini kwa vitu vidogo kiasi hiki, chembe ya dhahabu huzama kwa kasi ileile ya punje ya kwatzi iliyo kubwa kuiliko mara tatu hivi. Ukimimina pamoja unga laini na punje za milimita 1, utalazimika kuongeza maji ili punje kubwa zisogee, na maji yenye nguvu hiyo yataondoka na dhahabu ya milimita 0.1. Hapo ndipo hasara ilipo, na hakuna zulia la bei yoyote litakaloizuia.

Kwa hiyo nachekecha. Nina machekeche mawili ya waya, la milimita 0.5 na la milimita 0.25, nayachekechea ndani ya nusu pipa la maji kwa sababu unga mkavu huziba matundu na vumbi lake linaharibu mapafu. Kinachobaki juu ya 0.5 kinarudi karasha. Kilichopita 0.5 kikabaki juu ya 0.25 nakiosha peke yake, na kilichopita yote nakiosha peke yake, maji yakiwa yamepunguzwa. Ni kazi ya kuchosha, lakini kama ningeambiwa nichague hatua moja tu kati ya zote, ningechagua hii.

Udongo wa mfinyanzi nao ni adui. Ukiacha madonge, yanabingirika juu ya zulia na kuokota dhahabu kama ugali unavyookota mchuzi. Naloweka unga usiku kucha, asubuhi nakoroga mpaka nikishika kwa vidole nisikie mchanga mtupu. Kipimo changu ni kilo 1 ya unga kwa lita 3 za maji. Uji ukiwa mzito kuliko hapo, chembe laini haziwezi kuzama. Maji ninayoyarudisha kutoka shimoni nayo hubeba tope, basi nayaacha yatulie, na yakikataa nachovya kipande cha shabu ya kusafishia maji na kukizungusha. Dizeli isifike kabisa kwenye shimo hilo. Mafuta kidogo tu yanafanya magamba ya dhahabu yaelee, na utayaona yanang'aa juu ya maji yakielekea mtaroni. Dawa yake ni matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo.

Ubao wangu una urefu wa mita 2 na upana wa sentimita 40. Zamani kichwa chake kilikuwa juu kwa sentimita 50 kuliko mwisho, kama mbao nyingi za hapa. Nimeushusha ukafika sentimita 25 kwa unga wa kati, na 20 kwa ule laini kabisa. Upande wa kushoto na kulia lazima uwe sawa, napima kwa pimamaji, maana ukiinama kidogo tu maji yanakimbilia upande mmoja na nusu ya zulia inabaki bure. Maji juu ya zulia yasizidi kina cha sentimita 1. Yakiwa sawasawa utaona viwimbi vidogo vinavyofanana na magamba ya samaki vikishuka taratibu kwa upana wote. Ukiona mistari mirefu iliyonyooka, yanakimbia mno. Ukiona mchanga unajenga vilima, hayatoshi.

Magunia ya katani niliyaacha kwa sababu nyuzi zake hulala zikilowa, na chembe hubaki ndani hata baada ya kukung'uta. Sasa natumia zulia la nyuzi fupi zilizosimama, vipande vitatu. Cha juu, sentimita 50, nakiosha kila nusu saa. Viwili vya chini kila saa moja. Usingoje zulia lionekane limejaa. Papasa kwa kidole: ukisikia nyuzi, bado linakamata, ukisikia mchanga mgumu kama sakafu, limeziba, na yote unayomimina yanapita juu. Wakati wa kutoa, funga maji, kunja zulia kwa ndani kama mkeka, kisha likung'utie ndani ya ndoo ukilipindua chini juu. Kila kipande kina ndoo yake, kwa sababu ndoo ya tatu ndiyo shahidi: ikianza kutoa chembe karibu sawa na ya pili, nasimamisha kazi, narudia mteremko na maji.

Kwenye karai sina haraka. Natikisa mbele na nyuma mpaka vizito vikae chini, nainamisha, naondoa mchanga mwepesi kwa wimbi dogo, natikisa tena. Nikibakiwa na mchanga mweusi ujazo wa vijiko viwili naacha kumwaga. Mchanga huo una chuma, nao ni mzito mara 5 hivi ya maji, kwa hiyo hapo dhahabu laini inaponyoka kirahisi. Naukausha kwenye bati bila kuunguza, kisha napitisha sumaku iliyofungwa nailoni, juu kidogo bila kugusa. Chuma kinaruka na kushikilia dhahabu katikati yake, basi nakiangusha kwenye sahani na kurudia mara mbili tatu.

Mwisho ni boraksi, unga mweupe wa kusaidia kuyeyusha. Wachimbaji wa Benguet, Ufilipino, wameitumia miaka mingi mahali pa zebaki. Nachukua dhahabu na mchanga mweusi uliobaki, nachanganya na boraksi kiasi sawa au mara mbili, naweka kwenye kibakuli cha udongo nilichokwisha kukipaka boraksi iliyoyeyuka ili dhahabu isinate. Moto wa mkaa na feni ya kupulizia. Dhahabu huyeyuka nyuzi 1,064 za Selsiasi, boraksi mapema zaidi, nayo huuyeyusha mchanga mweusi ukawa kama kioo cheusi na kuiacha dhahabu ikusanyike chini. Uchafu ukizidi, kioo kinakuwa kizito na dhahabu inabaki vitone vilivyotawanyika. Hujapoteza kitu: ponda kioo ndani ya kitambaa, osha kwenye karai, yeyusha tena. Nayeyushia nje, mgongo ukiwa upande upepo unakotoka. Ukisikia harufu kama ya kitunguu saumu, jiwe lina aseniki, ambayo ni sumu, ondoka hapo mara moja.

Kwa njia hii siwezi kukamata kila kitu. Dhahabu iliyo ndogo kuliko milimita 0.05 hivi nyingi hupita, na iliyofungwa ndani ya jiwe haitoki bila kemikali. Ndiyo maana marudio yangu yanatunzwa, kwa ajili ya mtambo wenye kibali cha sianidi, kemikali yenye sumu inayoyeyusha dhahabu. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki ulioanza kutumika 2017, unataka kukomesha kutia sianidi kwenye marudio yenye zebaki ambayo haijaondolewa kwanza, kwa sababu sianidi huyeyusha zebaki na kuitawanya kwenye maji. Yangu hayajaguswa na zebaki. Nayajaza kwenye viroba, naandika tarehe na shimo yalikotoka, na lundo linakaa juu ya turubai, mbali na mwalo wa jirani, mvua isije ikayachanganya.