Moto wa Pakanga Mgongoni mwa Mwenye Pumu

Nimeishi na pumu tangu utotoni, na katika tiba zote za asili nilizozisoma, iliyonifikirisha zaidi ni ile ya Wachina ya kuchoma majani ya pakanga juu ya mwili. Majani hayo, ambayo yale yanayotoka Qichun mkoani Hubei, alikozaliwa tabibu Li Shizhen mwaka 1518, husifiwa sana, hukaushwa, hutwangwa na kuchekechwa hadi zibaki nyuzi laini zinazoweza kufinyangwa kwa vidole.

Mgonjwa hulala kifudifudi. Tabibu huweka kipande cha tangawizi mbichi kilichotobolewa kwa sindano chini ya pingili ya tatu ya uti wa mgongo sehemu ya kifua, upana wa vidole viwili kutoka katikati ya mgongo, mahali panapoitwa Feishu, kisha hukiwasha kibonge cha pakanga juu yake na kukiondoa joto linapozidi. Tiba hii hupendekezwa hasa katika siku za joto kali za Julai na Agosti, mgonjwa akiwa hajabanwa, kwa kuwa Wachina huamini kwamba ugonjwa wa majira ya baridi hutibiwa wakati wa joto. Naiheshimu sana fikra hiyo ya kuuwahi ugonjwa, kwani ndiyo inayomfanya daktari atuandikie inhela ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa) ya kuvuta kila siku hata tunapojisikia wazima.

Linalonitia hofu ni moshi. Pakanga inayoungua hutoa moshi mzito, na moshi ni miongoni mwa mambo yanayoamsha pumu; aidha, ngozi inaweza kuungua, na utafiti uliopo haujathibitisha kwamba tiba hii inadhibiti pumu. Siidharau tiba ya Kichina, maana mseto tunaoumeza kwa malaria una dawa iliyotokana na pakanga ya aina nyingine, kazi iliyompatia mwanasayansi wa China Tu Youyou Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini dawa ile ilipimwa kwa wagonjwa, kiasi chake kikajulikana na madhara yake yakaandikwa, na hayo ndiyo ninayoyadai kwa tiba yoyote ya kifua changu.

Anayetaka kuijaribu amweleze kwanza daktari wake, akatae chumba kisichopitisha hewa, na asiache dawa zake hata siku moja. Akibanwa kiasi cha kushindwa kumaliza sentensi, avute inhela yake ya dharura na apelekwe hospitali mara moja.