Nilivyopunguza sukari kwa chai ya kijani, nikiwa mpishi wa mahamri Lamu

Naamka saa tisa za usiku. Saa hizo huku Langoni husikii kitu ila punda wa jirani akijikuna ukutani. Kabla sijasukuma donge la kwanza nimeshakunywa kikombe cha chai ya maziwa. Cha pili nanywa mafuta yakishika moto, cha tatu mume wangu akirudi msikitini. Hivyo ndivyo nilivyokuwa: adhuhuri ikifika nimemaliza vikombe sita, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari.

Hesabu hiyo sikuwahi kuifanya. Alinifanyia muuguzi, kwa kalamu, nyuma ya kadi yangu: vijiko 18, kijiko kama gramu 4, jumla gramu 72. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asipite kama gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku, na akiweza ashuke hadi 25. Na hapo mahamri hatujayahesabu. Kipimo changu cha sukari ya damu kabla ya kula kilikuwa 6.4. Kisukari huanzia 7. "Uko mlangoni, mama," akaniambia. Mamangu aliingia mlango huo na akakatwa kidole cha mguu, kwa hiyo sikuhitaji kuhubiriwa.

Nilijaribu kwanza kunywa chai yangu ile ile bila sukari. Siku mbili tu. Chai ya maziwa isiyo na sukari kwangu mimi ni kama mchuzi usiotiwa chumvi. Ulimi unakaa unangojea kitu kisichokuja. Siku ya tatu nilitia vijiko vinne, kimoja cha fidia.

Mdogo wangu wa Mombasa ndiye aliyenitumia pakiti ya chai ya kijani, ikaja na basi mpaka Mokowe kisha na boti. Ya humu humu Kenya, imelimwa bara. Nilidhani ni majani ya mti mwingine, kumbe ni mchai ule ule wa majani meusi. Tofauti ni kwamba haya ya kijani hupitishwa kwenye joto mapema baada ya kuchumwa, yasipate kugeuka rangi.

Nikaipika nilivyozoea: sufuria, majani, iliki, chemsha mpaka ipande. Ikatoka chungu kama mwarobaini. Nikadhani maziwa yataiokoa, ikawa rangi ya tope. Mume wangu akachungulia kikombeni: "Hii ni chai au umechota mkokoni?"

Ilinichukua wiki nzima kuelewa kwamba chai hii haipikwi. Maji yakichemka unayaacha yapoe kidogo, mpaka nyuzi 80 hivi, ndipo unayamimina juu ya majani. Mimi sina kipimajoto, nina karai. Birika likichemka nalitua, natia mahamri kwenye mafuta, nayageuza, nayatoa. Zikitoka karai mbili, maji yamefika. Majani nayaacha dakika mbili, si zaidi, kisha nachuja. Maji nayo yana neno lake. Kisima chetu kina chumvi kidogo, na chai ya maziwa na tangawizi huificha, hii haifichi kitu. Natumia maji ya mfereji, yale yanayotoka visimani Shela chini ya vilima vya mchanga. Mvua ikinyesha, natega ya paa.

Ilipotoka sawa, rangi ilikuwa ya manjano ya kupauka, na harufu kama majani mabichi yaliyopigwa na jua. Sikuipenda, wala sikuichukia. Jambo lililonisaidia ni hili: ulimi wangu haukuwa na kumbukumbu yoyote ya sukari ndani ya kinywaji hicho. Chai ya maziwa ilikuwa inadai sukari kwa miaka thelathini. Hii haikuwa na deni na mtu. Vikombe vinne kati ya sita nikavibadilisha. Viwili vya maziwa nikavibakiza, kwa kijiko kimoja kimoja.

Mavyaa wangu hakufurahi. "Mwanangu, hiyo ni chai ya mwele," alisema mbele ya wageni, na wageni wakaniangalia kwa huruma.

Baada ya miezi sita kipimo kilikuwa 5.7, na uzito umeshuka kilo tatu. Hapo ndipo watu walipoanza kunitungia. Jirani mmoja akasema chai ya kijani inayeyusha mafuta, akataka nimwagizie vidonge vyake. Nilimkatalia. Binti yangu anasomea uuguzi, na alinieleza kwamba mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya ilionya kuhusu vidonge vya namna hiyo, kwamba gramu 0.8 au zaidi kwa siku za EGCG, ile kemikali kuu ya chai ya kijani, huweza kudhuru ini. Chai ya kikombe ni jambo jingine. Kuhusu kikombe alinisomea utafiti wa Ohsaki, Japani, wa mwaka 2006: watu zaidi ya 40,000, miaka 7 ya kufuatilia sababu za vifo, na waliokunywa vikombe vitano au zaidi kwa siku walikufa kwa uchache kwa maradhi ya moyo na mishipa, hasa wanawake. Kwa saratani hawakuona tofauti. Nikamwuliza, Wajapani hao wanatia sukari? Akacheka. Kilo zangu tatu mimi nazihesabu kwa sukari niliyoiacha, si kwa majani.

Makosa nayo nilifanya. La kwanza, kunywa baada ya Isha. Chai hii ina kafeini, ingawa haifiki ya kahawa, na usiku huo nilihesabu boriti za dari mpaka saa yangu ya kuamka ikafika. Sasa kikombe cha mwisho ni Alasiri.

La pili lilikuwa zito zaidi. Nilianza kuchoka, ngazi za nyumba yetu zikawa mlima. Wakapima wingi wa damu, si sukari: 10.4, na mwanamke anatakiwa awe na 12. Muuguzi hakuniuliza nakula nini, aliniuliza nakunywa chai saa ngapi. Nilikuwa nanywa pamoja na chakula, juu ya mchicha na maharagwe. Chai hushika madini ya chuma ya mboga na nafaka tumboni yasiingie mwilini, na nyeusi hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo huenda nimekuwa nikijipunguzia damu tangu usichana. Nikapewa vidonge vya chuma, na tangu hapo nangoja saa nzima baada ya kula. Kwenye chakula nakamulia ndimu, maana ndimu husaidia chuma kuingia. Miezi mitatu baadaye damu ilikuwa 12.1.

Ramadhani iliyopita iliniangusha. Futari ina uji mtamu, tende, vibibi, kaimati za kuchovya shirani, na nani atakaa mbele ya sinia la mavyaa wake aseme sitaki? Baada ya Idi kipimo kilikuwa 6.2. Nikaanza tena, na safari hii kopo la sukari nimelipandisha juu ya kabati la sahani, nikilitaka nisimamie kiti.

Mahamri bado nayatia sukari ile ile, na iliki, na tui zito. Nilijaribu kuipunguza siku moja, na kufika saa mbili asubuhi wateja watatu walikuwa wameshaniuliza kama nimegombana na mume wangu.