Akaamuru apewe chakula

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno letu wiki hii ni Marko 5, mstari wa 35 hadi wa 43, habari ya binti Yairo.

Tumeihubiri mara nyingi, na karibu kila mara tunaishia kwenye "Talitha, kumi". Binti anasimama, watu wanastaajabu, nasi tunaanza pambio. Mstari wa mwisho tunaupita mbio. Marko ametuambia kwamba binti alikuwa na miaka 12, kisha anamalizia kwamba Yesu "akaamuru apewe chakula". Mwaka huu maneno hayo matatu yamenishika na hayajaniachia, na nitawaeleza sababu. Mwanangu ameniruhusu kuyasema.

Ni mtoto wa dada yangu. Nimekaa naye hapa Dodoma tangu alipoanza kidato cha kwanza. Akiwa na miaka 15 aliniambia kwamba Kwaresima ile atafunga. Nilifurahi mno. Nikamtaja kwenye kikao cha kina mama wa jumuiya, nikasema huyu mtoto Mungu amemgusa. Bwana alituagiza tufunge bila kuonekana na watu. Mimi nikautangaza mfungo wa mtoto. Pasaka ikafika, tukapika pilau, akasema bado ana ombi mbele za Mungu. Nikamwacha aendelee. Nani atamkataza mtoto kuomba?

Mwezi wa kumi, lile jua la Dodoma la kabla ya mvua, yeye alikuwa anashinda na sweta. Jioni moja tumekaa mkekani, ugali wa uwele na mlenda. Mnaoujua mlenda mnajua kwamba anayeula huonekana bila kuulizwa. Unanata vidoleni, unavuta uzi kutoka bakulini hadi mdomoni. Nilimtazama mikono. Tonge alilimegamega, akalisambaza pembeni mwa sahani, mlenda akaupaka juu yake. Vidole vyake vilikuwa vikavu. Sweta ilipopanda kidogo nikaona kiwiko, mfupa na ngozi, na malaika, vile vinyweleo laini, yamemwota mkono mzima kama ya kichanga.

Kila mtu akaja na lake. Vidonda vya tumbo. Deko. Mimba. Mapepo, na hilo lilisemwa na watu ninaowaheshimu sana. Mama yangu, bibi yake, alitoka kijijini akakaa naye siku nne. Mama alilelewa na watu walioiona Mtunya, ile njaa iliyoikumba Ugogo kati ya 1917 na 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kuchukua mifugo, nafaka na vijana, na mvua nazo zikagoma. Sisi wa huku njaa tunaijua kwa jina. Mtu anayekimbia chakula kilichokwisha kupikwa hatumjui. Mama alimwuliza kwa uchungu kabisa: "Mjukuu wangu, chakula kimekukosea nini?" Mtoto akalia, hakujibu.

Jibu tulilipata kwa daktari. Ugonjwa unaitwa anoreksia, na ni ugonjwa wa akili unaoula mwili. Mgonjwa anaogopa kunenepa kuliko anavyoogopa kufa, na hata akikonda vipi kioo bado kinamwambia amenenepa. Mwili usiopata chakula unabana matumizi: moyo unapunguza mwendo, hedhi inakatika, baridi inaingia mifupani, malaika yale yanaota. Ndiyo sweta ile. Ubongo nao una njaa, kwa hiyo mawazo yanaganda kwenye chakula hicho hicho anachokikataa. Ni miongoni mwa magonjwa ya akili yanayoua zaidi.

Upo na ndugu yake, bulimia, na huo hujificha vizuri zaidi, maana mtoto anaweza asikonde kabisa. Anakula kingi kwa mkupuo, kisha anajitapisha. Kutapika kila mara kunamaliza potasiamu mwilini, na moyo unaweza kuvurugika mapigo. Anayekimbilia chooni kila akimaliza kula, mfuatilieni kwa upole. Na wavulana wamo. Msidhani ni habari ya mabinti tu.

Mzee mmoja wa kanisa aliniambia haya ni mambo ya Wazungu. Nilimjibu kwa habari ya Fiji. Kule mwili mnene ulikuwa sifa, kama kwetu. Mwaka 1995 televisheni ilifika katika mkoa mmoja wa visiwa hivyo, na watafiti waliowauliza mabinti wa shule wakati huo hawakumpata hata mmoja aliyekuwa akijitapisha ili apungue. Waliporudi 1998, takribani 11 katika kila 100 walikuwa wanafanya hivyo. Ile ilikuwa televisheni tu. Watoto wetu wana simu chini ya mto usiku kucha.

Lakini nisiitupie simu lawama zote. Wiki nyingi baadaye aliniambia: "Mama mdogo, nilipohamia kwako kila mgeni alikuwa anasema nimenenepa. Na kila kitu kiliamuliwa na watu wengine. Nikaona nisipokula, hapo hakuna wa kuniingilia." Hiyo "umenenepa" tulikuwa tunamsifia. Wapendwa, naomba tuiache. Tumsalimie mtoto kwa jina lake, tumwulize habari za shule, mwili wake tuuache. Elkana alipomwona Hana, mkewe, hali chakula, alimwuliza analilia nini, kwa nini hali, na kwa nini moyo wake una huzuni. Swali la chakula aliliweka katikati ya machozi na moyo. Mimi niliuliza la chakula peke yake, tena kwa ukali.

Nikiri na jingine. Tulipoelekezwa kwa daktari wa afya ya akili, nilichelewa wiki mbili nzima kwa aibu. Hapa mjini tumelifanya jina la Mirembe kuwa tusi. "Utaishia Mirembe," tunawaambia watoto, wakati ile ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, inatibu watu. Wiki mbili zile sitazipata tena. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya vijana saba wa miaka 10 hadi 19, mmoja anaishi na tatizo la afya ya akili. Jumapili ijayo itazameni kwaya ya vijana, mhesabu.

Narudi kwa Marko. Yesu hakumwambia yule binti, "Kula." Aliwaamuru waliokuwamo chumbani wampe. Aliyemfufua angeshindwa kumshibisha? Sehemu ile aliwaachia baba na mama. Nilipomweleza mtaalamu wetu hivyo alitabasamu, kwa sababu ndivyo wanavyowatibu vijana wa umri huu: wazazi wanashika jukumu la chakula nyumbani, milo yote, wakiongozwa na wataalamu, hadi mtoto apate nguvu ya kujiamulia tena. Ila alituonya tusimshindilie. Aliyekaa na njaa muda mrefu akijazwa chakula ghafla, chumvi za damu zinavurugika na anaweza kufa. Kwa hiyo hospitali kwanza, halafu kidogo kidogo.

Wachungaji na viongozi wetu, nawasihi: mfungo ukitangazwa, semeni wazi kwamba watoto na wagonjwa hawahusiki, na wagonjwa wa namna hii wamo. Na mtoto anayeona hana wa kumwambia nyumbani apewe namba 116, Simu ya Mtoto, haina malipo. Tuombe, tena sana. Nimeomba hadi magoti yakauma. Ila nimeomba huku nimeshika mwiko.

Jana usiku ilikuwa uji wa uwele, kikombe kimoja. Bibi yake kakaa upande huu, mimi upande ule, tunaongea habari za mvua na mashamba ya Mvumi, hatutaji uji. Ulipofika nusu akaacha kunywa. Machozi yakamlenga. Nikasema hakuna haraka, mwanangu. Uji ukapoa. Nikaenda kuupasha, nikarudi, nikakaa.