Mti mfu si kuni kavu

Ndugu zangu wa Dodoma mnaohamia Finland kwenye nyumba zenye jiko la kuni, msidanganywe na mti uliofia wima. Huku mti mfu si kuni kavu.

Kwetu mgunga ukifa, kiangazi chote cha Mei hadi Novemba jua na upepo vinaukausha, na wa kupambana naye ni mchwa tu. Mvua yenyewe haitofautiani sana: Dodoma hupata milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, Helsinki kama 650. Kinachotofautiana ni hewa. Kuanzia Septemba huku hewa imejaa unyevu, hata kuni iliyokauka huanza kuunyonya tena.

Mbaya kuliko yote ni koivu, ule mti wa gome jeupe. Gome lake halipitishi maji, kwa hiyo ukifa unaozea ndani ukiwa bado umesimama. Msonobari uliobambuka magome ukawa wa kijivu ni afadhali sana, ila mkongwe kabisa uacheni, ndege hutaga humo. Na mti wowote, uwe umesimama au umeanguka, ruhusa ni ya mwenye ardhi.

Kabla ya kuwasha chensoo tazama juu. Matawi makavu hukatika kwa mtikisiko, kwa hiyo usigongegonge kabari kwenye shina lililooza.

Ukishauangusha, tenga sehemu ya chini. Matawi ya juu yanaweza kuwaka wiki hiyohiyo, lakini shina karibu na ardhi huwa bado limebeba maji. Kilo 10 za kuni ambazo asilimia 30 ya uzito wake ni maji zina lita 3, na zote lazima ziwe mvuke kwanza ndipo nyumba ipate joto. Moshi wake unapoa ndani ya bomba, unaganda kuwa lami nyeusi, na lami hiyo ikishika moto bomba zima linawaka.

Kata vipande vya sentimita 33, kisha pasua viwe na unene usiozidi 10. Maji hutokea zaidi kwenye ncha, gome huyazuia; gogo zima litakaa miaka. Fanya kazi hii Machi au Aprili ili upate miezi mikavu, Mei hadi Julai. Panga juu ya fito, sentimita 20 kutoka ardhini, mahali penye upepo. Funika juu tu. Turubai likishuka hadi chini, jasho la kuni linarudi kama matone na fangasi wanaingia.

Kipima unyevu kisome chini ya asilimia 20. Usipime kwenye ncha: pasua kipande upya, uchome sindano katikati. Kuni iliyoganda kwa baridi husoma kavu kuliko ilivyo, kwa hiyo ilaze ndani usiku mzima kwanza.