Paipu ilipasuka hatupo, nyumba ikajaa maji: nilivyoikausha

Tulilala nje siku moja tu. Kurudi usiku, nafungua mlango, maji hayo yananijia miguuni. Ile hozi fupi ya chini ya sinki la jikoni ilikuwa imepasuka, sijui tangu saa ngapi, na maji yameshaingia sebuleni mpaka chumba cha watoto, ya kifundoni kabisa. Mwanangu akataka kukimbilia ndani kuokoa madaftari yake, nikamvuta mkono kwa nguvu mpaka akalia, manake ekstensheni ilikuwa imelala sakafuni ndani ya maji na umeme unawaka. Meni swichi yetu ipo barazani ambapo ni pakavu, nikazima, ndo nikafunga koki kubwa. Kama yako lazima ukanyage maji ndo uifikie, usiende jamani, piga simu wakukatie umeme kutoka nje.

Kabla ya kuanza kufuta nilipiga picha kila chumba na ile alama ya maji ukutani. Hizo picha ndo bima walizoziomba kwanza.

Kutoa maji yenyewe si kazi sana, raba ya kusukumia, ndoo, dekio, na majirani wawili, mpaka alfajiri tumemaliza. Kapeti tukalitoa, foami ya chini yake nikaitupa. Yetu yalikuwa maji ya bomba, masafi, na tuliyawahi. Yangekuwa ya chooni au ya mafuriko hata kapeti lenyewe na magodoro yangeenda, hivyo vitu vikishanyonya uchafu havisafishiki ndani hata uvianike wiki nzima. Madaftari ya mtoto niliyafunga kwenye mifuko ya nailoni nikayaweka friza, ukungu haupati nafasi, halafu baadae nikawa natoa moja moja na kulikausha taratibu.

Sasa kazi ni kukausha. Siku ya tatu sakafu ilikuwa kavu, ukuta ukiugusa mkavu, mi nikaanza kurudisha makabati. Rafiki yangu ambaye ni fundi akanizuia, akaniambia bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba pande zote nne kwa selotepu, kiache mpaka kesho muda kama huu. Nikafanya. Kesho yake kwa ndani nailoni imejaa vitone vya maji! Yaani ukuta ulikuwa mkavu juu tu, ndani umelowa.

Ukuta wa jipsamu wa chumba cha watoto ndo ulinifungua macho zaidi, kwa sababu jipsamu inavuta maji kwenda juu kama utambi, alama ilikuwa chini lakini ulaini umepanda kuipita. Tukakata kama sentimita 30 juu ya pale palipolowa, na kwa nyuma ukungu ulishaanza. Wala usishangae, ukungu unaweza kuanza ndani ya saa 24 mpaka 48 tu. Zile mbao za ndani nilizisugua kwa brashi na sabuni nikiwa na barakoa, glovu na miwani. Ukitumia klorini fungua madirisha, na usiichanganye kabisa na dawa ya choo yenye asidi wala yenye amonia, inatoa gesi ya sumu.

Baada ya hapo tukakodi mashine ya kunyonya unyevu, feni tukazielekeza zipulize kuufuata ukuta. Mwanzoni nilikuwa nafungua madirisha yote huku mashine inafanya kazi, kumbe nje mvua ilikuwa inanyesha na nilikuwa naingiza unyevu mwingine ndani, fundi akaniambia funga, fungua siku za jua kali na ukifungua zima mashine. Tangu hapo tanki la mashine likaanza kupungua kujaa siku hadi siku, na hilo lilinipa moyo kuliko kitu chochote.

Mke wangu alitamani rangi ipigwe haraka, nyumba ilikuwa inatia huzuni kuitazama, na mimi namwelewa. Lakini rangi juu ya plasta mbichi inavimba na kubanduka, kwa hiyo kila wiki nikawa nabandika nailoni upya sehemu tofauti. Chumba cha watoto kilichelewa kuliko vyote. Wiki ya sita ndo nailoni ikatoka kavu kabisa, tukafunga jipsamu mpya, na watoto wakarudi kulala kwao.

Hozi zote za nyumba nimebadilisha, na tukisafiri hata usiku mmoja nafunga koki kubwa.