Kopo la unga na fomu ya PF3: siku yangu moja ustawi wa jamii

Saa 11:30 alfajiri

Mimi ni afisa ustawi wa jamii katika wilaya moja ya Kanda ya Ziwa, Tanzania. Simu yangu huwa siizimi usiku. Leo nimeamka nikakuta ujumbe ulioingia saa tisa usiku kutoka kwa balozi wa mtaa: "Mama ustawi, yule mama ametoka. Yuko kwangu na watoto wote wawili. Mkono umevimba sana."

Nimeusoma mara mbili huku uji ukichemka. Ametoka. Neno hilo nimelingoja miezi kumi na minne. (Yale yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha.)

Saa 1:15 asubuhi

Nimemkuta ameketi mkekani kwa balozi, mkono wa kushoto umefungwa kwa khanga, kopo kubwa la Blue Band limebanwa katikati ya magoti. Ananisalimia vizuri tu, kama tumekutana sokoni. Kisha ananisukumia kopo. "Fungua, mama."

Juu kuna unga wa sembe. Chini ya unga, ndani ya soksi ya mtoto, kuna vyeti viwili vya kuzaliwa, kadi ya kliniki, kitambulisho cha NIDA na noti zilizokunjwa ndogo ndogo. Tumezihesabu pamoja: Sh 46,000.

Mwaka jana alipokuja ofisini mara ya kwanza hakutaka polisi, hakutaka lolote. Alitaka mtu wa kumsikiliza. Kabla hajaondoka nilimwambia maneno machache: ukiona hali inazidi kuwa mbaya, kuwa na nakala za karatasi zako mahali asipopajua, jua utakimbilia nyumba ipi, weka akiba hata ya mia tano. Sikujua kama alinisikia. Leo nimemuuliza ilikuwaje mume hakuliona kopo muda wote huo, maana lilikaa jikoni wazi.

"Baba yao hajawahi kuchota unga tangu tuoane."

Watu huniuliza kila wiki, hata wasomi: kama anapigwa, mbona haondoki? Natamani wangeziona noti zile. Ada ndogo ndogo za shule, kodi ya chumba, unga, vyote viko mkononi mwa anayempiga. Na siku ya kuondoka ndiyo siku ya hatari kuliko zote, kwa sababu mtu aliyezoea kumiliki anaona anaporwa. Kuondoka si kitendo cha usiku mmoja. Kwa huyu kumechukua miezi kumi na minne ya kuchota unga kwa uangalifu.

Saa 2:30 asubuhi

Dawati la Jinsia na Watoto, kituo cha polisi. Afande wetu ni mama mtu mzima, ana sauti ya chini, na mlango wake unafungwa. Nakumbuka enzi ambazo malalamiko ya namna hii yalipokelewa kaunta, mbele ya watu waliokuja kuripoti kuku kuibiwa, na mwanamke aliambiwa arudi nyumbani akazungumze na mwenzake. Dawati limebadilisha mengi. Lakini hatuna Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako polisi, daktari na ustawi hukaa chini ya paa moja. Kwetu mama huyu alishasimulia kisa chake kwa balozi, anasimulia kwa afande, atasimulia kwa daktari, na akifika mahakamani atasimulia tena. Kila mara anaanza mwanzo, na kila mara sauti inapungua.

Tumepewa PF3, fomu ya polisi ambayo daktari huijaza alichokiona. Tukatembea hospitali.

Saa 4:00 asubuhi

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu nimejifunza kitu.

Daktari kijana ameinua picha ya eksirei dirishani akaniita. Mkono wa mbele una mifupa miwili. Mtu akianguka, akatanguliza kiganja, mara nyingi huvunjika karibu na kifundo cha mkono. Wa huyu mama umevunjika katikati, mfupa wa upande wa kidole kidogo peke yake. Akaniambia niinue mkono kama mtu anayekinga uso. Nikainua. Akagusa mahali panapotangulia kupokea fimbo: ni pale pale.

Kisha akafungua faili lake la zamani. Mwaka juzi: "Ameanguka bafuni." Miezi minane baadaye: "Ameanguka, utelezi." Hakuna aliyemuuliza tena. Nami siwalaumu sana walioandika, foleni ilikuwa ndefu na mume alikuwa amesimama pembeni ya kitanda, akijibu yeye. Leo daktari amemtaka kila mtu atoke, akauliza, akaandika kwenye PF3 alichoona bila kuzungusha maneno. Mistari minne. Mahakamani mistari hiyo inaweza kuwa shahidi pekee asiyetishika.

Saa 6:00 mchana

Nimekwenda mahakamani kwa kesi nyingine. Mlalamikaji hajafika, ni mara ya tatu. Mwendesha mashtaka ananitazama, namtazama. Wote tunajua: wameyamaliza nyumbani. Hakimu ameahirisha.

Ni kweli sheria yenyewe inaruhusu mahakama kuhimiza upatanisho kwa shambulio dogo la kawaida. Sina ugomvi na upatanisho wa majirani waliotukanana kisimani. Ila kuna yasiyopatanishwa. Nilimpokea binti mmoja aliyeletwa siku ya tano baada ya kubakwa, kwa sababu siku nne za mwanzo ukoo ulikuwa unajadili idadi ya mbuzi. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72. Nguo zilikuwa zimefuliwa. Kila mtu kwenye kile kikao aliamini anaokoa heshima ya familia.

Saa 8:00 mchana

Kama nilivyotarajia, baba mkubwa wa mume amefika kwa mtendaji wa kata na wazee watatu. Ameniamkua kwa upole, nami nikampa shikamoo yake, maana ni mzee wa kuheshimika na mwaka huu huu alichangia tofali za zahanati.

"Mwanangu, wagombanao ndio wapatanao. Mrudishe mke wa watu, sisi tutamkanya kijana."

"Baba, kugombana ni kwa wawili. Hapa mmoja anapiga, mwingine anakinga."

Akanyamaza. Nikamweleza kwamba Sheria ya Ndoa tangu 1971 inasema hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko. Akashangaa kweli, halikuwa jambo la kuigiza. Miaka yote hiyo, na mzee anayeamua ndoa za mtaa mzima hajawahi kuisikia.

Shangazi aliyeandamana nao ndiye aliyekuwa mkali zaidi. "Sisi hatukupigwa? Tuliondoka?" Wageni kwenye kazi hii hudhani wanaotetea kipigo ni wanaume tu. Utafiti wa taifa wa afya wa 2015/16 ulikuta wanawake 58 kati ya 100 wakikubali kwamba mume anaweza kumpiga mke kwa angalau sababu moja, kama kuunguza chakula, kubishana au kutoka bila kuaga. Wanaume waliokubali walikuwa 40. Nilimtazama shangazi, vidole viwili vya mkono wake wa kulia havikunjuki. Sikumjibu. Nikamuuliza tu kama ameshakula, akasema bado, tukampa chai.

Wazee wakaondoka bila mke wa watu. Mtendaji ameahidi kuliandika jambo hili kwenye taarifa ya kamati ya kata ya MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto.

Saa 9:30 alasiri

Mwalimu amepiga simu kuhusu mtoto wa darasa la tano mwenye alama mgongoni. Alikuwa anaogopa "kuingilia familia". Nimemkumbusha kwamba Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka kila mwanajamii atoe taarifa, na kwamba nje ya saa za kazi kuna 116, namba ya simu ya kuripoti ukatili kwa watoto, haikati salio. Kesho asubuhi nitakuwa shuleni.

Saa 10:45 jioni

Wilaya yetu haina nyumba salama. Iliyo karibu ni mwendo wa saa tatu kwa basi. Gari la idara halina mafuta, hivyo nauli imetoka kwenye mifuko: balozi, afande, mimi. Mama alitaka kutoa kwenye soksi, tukakataa. Mkono una plasta hadi kiwikoni, kwa hiyo mtoto mkubwa, wa miaka tisa, ndiye aliyebeba kopo. Alilikumbatia mpaka kwenye kiti, akakataa lisiwekwe buti.

Saa 3:10 usiku

Mlezi wa nyumba salama amepiga: wamefika, wamekula, mdogo amelala. Mkubwa anakataa kulala. Anauliza shule yake mpya inaanza saa ngapi na kama wataulizwa baba yuko wapi.

Nimeandika kwenye daftari, mstari wa kwanza wa kesho kabla ya ule wa mwalimu: barua ya uhamisho, afisa elimu, saa moja na nusu.